Posta ya inchi yetu: tembre, sanduku na mukono wa musafiri

Mwaka uliopita nilikuwa nafundisha mu mwaka wa tano somo la kuandika barua. Programu ingali inaomba somo hilo, na mimi ninalipenda. Nikachora anvelope kubwa ku ubao: huku jina la mwenye kutuma, katikati jina la mwenye kupokea pamoja na B.P. yake, na juu kuume mahali pa tembre. Kijana mumoja akainua mukono: « Mwalimu, na ile barua itapitia wapi? » Darasa lote likacheka. Nilicheka nami, lakini njiani nikirudi nyumbani swali lile likaendelea kunisumbua. Kijana hakuuliza kwa mzaha. Alitaka kujua kweli.

Mimi nilipokuwa mudogo kuliko yeye, mu miaka ya mwisho ya 1980, nilijua barua inapitia wapi. Hatukuwa na sanduku letu ku posta. Kama jamaa nyingi za mutaa, tulikuwaka tunatumia B.P. ya parokia. Karani wa parokia ndiye alikuwa na ufunguo, kifunguo kidogo kama cha valizi, na siku ya yenga, kisha misa, alipanga barua ku meza na kuita majina kwa sauti. Mutu akisikia jina lake, wengine walimutazama kwa heshima: huyu anaye mutu wa kumukumbuka huko mbali. Sisi watoto tuligombania tembre. Tulizilowesha mu maji ili zitoke bila kupasuka, na humo ndimo nilimojifunza kwanza kwamba inchi ilikuwa na majina mengi.

Kwa hiyo nimeona vema kuandika juu ya posta katika kitabu hiki cha desturi. Wengine watasema: posta si kitu cha wahenga, ililetwa na wazungu. Ni kweli. Lakini kutumiana habari ni desturi ya zamani kuliko posta, na mutu hawezi kuelewa namna posta ilivyoingia, na namna ilivyotutoka, kama hajui ilikuta nini.

Mbele ya tembre

Habari ya zamani ilikuwa na sauti, na ilikuwa na miguu. Sauti ni ngoma. Kando ya mto, upande wa Kisangani, Walokele walikuwa na ngoma ya muti uliotobolewa, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa hizo mbili walifuatisha mupando na mushuko wa maneno ya lugha yao. Kwa sababu maneno mengi yanaweza kufanana kwa sauti, hawakutuma neno moja peke yake, walituma fungu zima la maneno ili musikilizaji asikosee. Mumisionere John Carrington, aliyekaa Yakusu, alijifunza kuzipiga na akaandika kitabu juu yake, kikatoka mwaka wa 1949. Ngoma ilitangaza kifo, ilitangaza kuja kwa mugeni, na kijiji kilichosikia kilipokeza kingine.

Miguu ni mujumbe. Wazee wetu wa milimani wanasimulia kwamba mujumbe wa mwami hakuchaguliwa ovyo: ni mutu wa kumbukumbu nzuri, anayejulikana pande zote mbili, na alibeba kitu cha kumutambulisha. Wote tunajua musemo kwamba mujumbe hauawi. Ninaomba musomaji ashike jambo hilo, maana nitalirudilia: habari ilisimama juu ya mutu. Usipomujua mujumbe, utaaminije ujumbe wake?

Kisha zikaja njia za misafara kutoka Unguja, kupitia Tabora na Ujiji, hadi Kasongo na Nyangwe. Tunazikumbuka njia hizo kwa uchungu, ju ya watumwa na ju ya pembe. Lakini ndizo zilituletea Kiswahili, na ndani yake neno « barua » lenyewe. Barua za wafanya biashara, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilitembea na misafara.

Na kuna barua moja ya watu wa njia hiyo ambayo inapaswa kuwekwa mwanzo wa historia ya posta yetu, hata kama haikuwa na tembre. Mwaka wa 1877, Stanley alikuwa ameshuka mto wote kutoka Nyangwe, na watu wake walikuwa wanakufa njaa. Tarehe 4 Agosti, katika kijiji cha Nsanda, aliandika barua ya kuomba chakula kwa muzungu yeyote atakayekuwa Boma. Hakumujua mutu hata mumoja kule. Aliiandika kwa Kiingereza, akaongeza Kifaransa na Kihispania, asije akakosa musomaji. Nani waliibeba? Ni watu wa Unguja: Uledi na Kacheche, pamoja na Robert Feruzi, kijana aliyesoma ku misioni ya kule na kujua Kiingereza. Walitembea na tumbo tupu, wakafika, na kisha siku mbili chakula kikawakuta wenzao. Tarehe 9 Agosti musafara mzima ukaingia Boma. Vitabu vya shule vinamutaja Stanley kwa kurasa nyingi. Uledi na Feruzi, ambao ndio waliokuwa posta, hawatajwi.

Posta yenye kuangalia bahari

Tarehe 1 Januari 1886, ile inchi ambayo Leopold II aliita État Indépendant du Congo ilitoa tembre zake za kwanza: za santimu 5, 10, 25 na 50, na ya faranga 5. Juu ya zote sura ni ile moja, ya Leopold, mutu ambaye hakukanyaga inchi hii hata siku moja. Wakati uleule inchi iliingia katika Umoja wa Posta wa dunia. Biro za kwanza zilikuwa Banana, Boma na Vivi. Fungua ramani, musomaji, uone: zote tatu ziko pale chini, ku mulango wa mto. Inchi nzima iko nyuma yake, na posta imegeuza uso inaangalia bahari. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mukubwa wa kituo na Bruxelles. Kuunganisha Mukongo na Mukongo mwenzake haikuwa shauri lake.

Mwaka wa 1894 zikatoka tembre nyingine za rangi mbili, zilizochapwa London kwa kufuata michoro ya Robert Mols: bandari ya Matadi, maporomoko ya Inkisi, maporomoko ya kule Kisangani, uwindaji wa tembo, chifu wa Bangala na bibi yake. Wakusanyaji wa tembre wanazisifu, na kweli ni nzuri. Lakini miaka ile ni miaka ya kauchuku, ya vijiji vilivyochomwa na mikono iliyokatwa. Hayo hayakuchorwa ku tembre. Yaliandikwa ndani ya barua. Mwaka wa 1890, tarehe 18 Julai, Mumarekani mweusi George Washington Williams, akiwa pale pale Stanley Falls, alimuandikia Leopold barua ya wazi akimushtaki kwa yale aliyoyaona. Baadaye wamisionere fulani walituma barua na picha Ulaya, na E. D. Morel akazitumia katika mapigano yake juu ya utawala ule. Leopold alituletea posta kwa ajili ya biashara, na karatasi ndiyo iliyomuumiza.

Nani alibeba mifuko? Mpaka treni ya Matadi–Léopoldville ilipomalizika mwaka wa 1898, mizigo yote, na barua ndani yake, ilipanda milima ya Bas-Congo juu ya vichwa vya wapagazi. Huku kwetu mashariki kazi hiyo ya miguu iliendelea muda murefu zaidi.

Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji uliichukua inchi. Tembre mpya zilikuwa hazijakuwa tayari, basi wakatwaa zile za Leopold na kupiga juu yake maneno CONGO BELGE. Tangu pale, hiyo ikawa kama desturi ya posta yetu: inchi ikibadilisha jina, wanapiga jina jipya juu ya tembre ya zamani, na ukitazama vizuri unasoma bado lile la chini. Ilifanyika tena wakati wa vita ya kwanza ya dunia, askari wa Force Publique walipowashinda Wadachi na kuingia Tabora mu Septemba 1916. Tembre za Kongo zilipigwa maneno ya Kifaransa na Kiflama kuonyesha kwamba pale ni Afrika Mashariki ya Wadachi iliyoshikwa na Wabelgiji. Na mwaka wa 1924 zikapigwa RUANDA URUNDI.

Ninataka kusimama kidogo ku njia za barua, ju hapo tunaona kitu kinachotuhusu sisi watu wa mashariki. Élisabethville ilipata treni mwaka wa 1910, lakini treni ile ilitoka kusini, kwa Waingereza. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na ile ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie, mwaka wa 1915. Mwaka wa 1921 Wabelgiji walipewa nafasi yao bandarini Kigoma na Dar es Salaam. Kwa hiyo mufuko wa barua wa Albertville ulivuka ziwa, ukapanda treni, ukaona bahari ya Hindi. Kwenda Léopoldville ilikuwa safari ya treni, mashua, tena treni, tena mashua. Kupitisha barua kwa jirani, sisi hatukukuanza jana.

Wazungu walijaribu kumaliza shida hiyo kwa ndege. Mwaka wa 1920 ilianzishwa Ligne Aérienne du Roi Albert, ndege zinazotua juu ya maji, zikifuata mto kutoka Léopoldville. Mwaka wa 1921 zilifika Stanleyville. Mwaka wa 1922 kazi ikasimamishwa. Mwaka wa 1925 Edmond Thieffry alitoka Bruxelles kwa ndege akafika Léopoldville kisha siku 51. (Mutu wa haraka siku zile angechukua meli.) Ni katika mwaka wa 1935 ndipo Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo, na barua ya ndege ikawa kitu cha kila juma.

Karani wa Stanleyville

Mbele ya vita ya pili, Mukongo ndani ya posta alikuwa mubebaji wa mifuko, musafishaji, plantoni. Lakini wazungu hawakutosha kwa kazi, na karani mweusi aliwalipia faida: alisoma, alihesabu, na mushahara wake ulikuwa mudogo sana kuliko wa muzungu aliyekaa ku meza ya pili. Mu Léopoldville ilikuwako shule ya posta. Mwaka wa 1947 kijana mumoja kutoka Stanleyville alitumwa kujifunza kule. Alikuwa muzaliwa wa Onalua, mu Sankuru, mwaka wa 1925. Jina lake Patrice Lumumba.

Watu wengi wanamujua Lumumba wa tarehe 30 Juni 1960. Wachache wanajua kwamba karibu miaka kumi ya ujana wake aliipitisha nyuma ya gishe. Alifanya kazi Yangambi, kisha akarudi Stanleyville, mu idara ya sheki za posta, pale ambapo feza za watu zilipita mu vitabu. Aliunganisha makarani wenzake wa posta mu chama chao, na walikuwa na gazeti, L'Écho postal. Hebu fikiri, musomaji: karani wa posta anaona nini kila siku? Anaona nani anamuandikia nani. Anaona mufanyakazi wa Katanga akimutumia mama yake mandati mu kijiji. Anaona anwani za inchi yote, Kivu, Kasai, Équateur, Bas-Congo, wakati ambapo wengi wetu hatukujua kitu chochote nje ya kabila letu. Mimi sina ushahidi kwamba kule ndiko alikopata wazo la Kongo moja isiyogawanyika. Lakini mutu aliyeshika Kongo yote mikononi kila asubuhi kwa njia ya anvelope, ni vigumu kumuambia kwamba inchi ile haiko.

Tusiifiche na upande mwingine. Mu Julai 1956 alikamatwa kwa shauri la feza za posta, zaidi ya faranga 100.000. Hakukana kwamba alizitwaa. Alisema mushahara haukutosha kwa maisha ambayo mutu wa cheo chake aliombwa kuishi. Alifungwa, akatoka mwaka wa 1957, akaenda Léopoldville, na kule siasa ikamuchukua. Wapinzani wake walimutupia jambo hilo mpaka mwisho. Wengine kati yetu, tukiwa walimu, tunapenda kulipita haraka mu darasa. Mimi ninaona ni vibaya kulipita. Lile swali la mufanyakazi wa Leta ambaye mushahara wake hautoshi, na feza za watu zinapita mbele yake kila siku, lilianza pale Stanleyville, na mbele kidogo tutaona ndilo lililoiua posta yenyewe.

Mwisho wa mwaka wa 1960, akiwa mufungwa kambini Thysville, alimuandikia bibi yake Pauline barua. Ilichapishwa mu magazeti ya inje mwaka wa 1961, wakati yeye alikuwa amekwisha kuuawa Katanga, tarehe 17 Januari.

Miaka ile ya 1950 ndiyo miaka ambayo posta ilianza kuwa yetu. Mandati ndiyo iliyofanya hivyo kuliko tembre. Mutu wa Maniema au wa Kasai aliyekwenda kufanya kazi mu migodi ya Katanga alitoa feza ku gishe, na mama yake, au bibi yake, alizichukua mbali kule kwa karatasi. Asiyejua kuandika alienda kwa mwandishi, au kwa mwalimu wa misioni. Sanduku moja, la misioni au la shule, lilitumikia mutaa mzima, kama lile la parokia yetu. Posta ilikuwa ya kuangalia bahari; watu waliigeuza uso iangalie kijiji.

Majina juu ya majina

Kwa uhuru, ile desturi ya kupiga jina juu ya jina ilirudi kwa nguvu. Tembre za maua za Congo Belge zilipigwa CONGO. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, wakazichukua tembre za Wabelgiji wakapiga KATANGA, kisha wakatoa zao zenye sanamu za mbao. Sud-Kasai nayo ilipiga jina lake. Kwa muda ule, mutu angeweza kupanga ku meza tembre ileile moja, ikiwa na majina matatu ya inchi tatu ambazo zilikuwa moja mwaka uliotangulia. Katanga ilirudi mu Januari 1963. Sud-Kasai ilimalizika mwaka uliotangulia huo.

Mwaka wa 1968 Leta iliweka Office ya posta na telekomunikasyo. Inchi ilipoitwa Zaire, mwaka wa 1971, na Office ikachukua jina la Zaire. Zaire ilipokufa mwaka wa 1997, ikarudi OCPT. Na kwa mageuzi ya makampuni ya Leta yaliyoamuliwa mu miaka ya 2008 na 2009, ikawa SCPT. Majina haya manne mengine ninayataja kwa haraka, ju kwa mutu aliyesimama ku gishe akingojea barua hayakubadilisha kitu.

Kilichobadilisha ni mushahara na bei. Tembre za miaka ya 1970 zingali na furaha: walitoa hata ya pigano la Ali na Foreman la mwaka wa 1974. Nyumbani tulikuwa nayo moja, na yaya wangu alinikataza kuigusa. Lakini tazama tembre za miaka ya mwanzo ya 1990: tembre ya makuta au ya zaire chache, na juu yake wamepiga bei mpya, maelfu ya zaire, kisha maelfu mengi zaidi. Safari hii halikuwa jina la inchi lililofunikwa, ilikuwa feza yake. Mu Septemba 1991 askari waliiba Kinshasa na miji mingine, na mu Januari 1993 tena, walipolipwa noti ya zaire milioni 5 ambayo wafanya biashara waliikataa. Mu Oktoba 1993, zaire milioni 3 za zamani ziligeuka kuwa zaire mpya moja. Mutu aliyekuwa na feza ku akaunti ya posta, aliamuka asubuhi hana kitu. Na karani, ambaye mushahara wake haukuweza kununua hata sabuni, angali ameketi ku gishe, na anvelope za watu mbele yake, zingine nzito. Watu wakaanza kusema: usiweke feza ndani ya barua. Kisha wakasema: usitume barua.

Ni hapo hesabu ya zamani ilirudi. Posta ni nini hasa? Ni kitu kinachokuwezesha kumutumia mutu neno bila kumujua mubebaji. Tembre inachukua nafasi ya kumujua mujumbe. Siku ambayo tembre haiaminiki tena, tunarudi kwa mutu: nani anasafiri? Nani anamujua? Ni mutoto wa nani?

Kwa mukono wa Bwana fulani

Ku kona ya anvelope tulianza kuandika P.B.S., kwa Kifaransa « par bons soins », au kwa Kiswahili « kwa mukono wa Bwana fulani ». Desturi hiyo ilikuwako tangu zamani kwa kusaidia posta. Sasa ikawa posta yenyewe. Kila musafiri alitembea na mufuko wa barua za watu. Kwa heshima, anvelope iliachwa wazi, na musafiri mwenyewe aliilamba na kuifunga mbele yako, kuonyesha kwamba hatasoma. Mashua za ziwa Kivu, magari ya Uvira, ndege za mizigo za maduara, yote yalibeba. Pembeni palikuwa na foni: mutu na mashine yake ya redio, antena juu ya bambu, unalipa, unaita ndugu yako wa Kindu au wa Mbuji-Mayi, na watu wote walioketi ku benchi wanasikia mashauri ya jamaa yako. Siri iliisha, lakini jibu lilipatikana palepale.

Vita ya 1998 ilipokata inchi vipande, hata musafiri hakupita. Kati ya Bukavu na Kinshasa palikuwa na mustari wa mapigano. Angalieni karatasi za mashirika ya Bukavu za miaka ile, zile zenye anwani juu: mengi yaliandika B.P. ya Cyangugu, Rwanda. Watu wa Uvira walitafuta Bujumbura. Bunia, misioni fulani zilipokelea barua Nairobi. Shirika la Bukavu, lenye watu wa Bukavu, kwa kazi ya Bukavu, na ili lipate barua lazima livuke Ruzizi kwenda inchi nyingine, inchi ambayo askari wake walikuwa kwetu. Wakati ule tulilichukua kama jambo la kawaida. Leo nikiziona karatasi zile ninasikia haya kidogo.

Jamaa yetu pia ilipita humo. Yaya wangu alikuwa Kinshasa kwa masomo, na baba akafariki huku mwanzoni mwa mwaka wa 2000. Tuliandika barua tatu. Moja tulimupa mufanya biashara aliyekwenda kupitia Nairobi. Ya pili mutawa mumoja. Ya tatu ilikuwa ya Musalaba Mwekundu: karatasi moja isiyofungwa, ya habari za jamaa tu, hakuna siasa, hakuna askari, na wenyewe wanaisoma mbele ya kuipeleka. Watu wengi sana wa inchi yetu walitafutana kwa karatasi zile. Hiyo ndiyo iliyofika ya kwanza, kisha miezi minne. Barua ya mufanya biashara haikufika kamwe, na hatumulaumu, maana hatujui ni nini kilichomupata njiani. Lakini mbele ya habari yetu kufika, yaya alikuwa amemutumia baba barua kwa mukono wa musafiri. Ilitukuta mwezi wa sita. Alikuwa anamuuliza kama kikohozi kimepungua, na kama alipokea shati. Mama aliomba nimusomee mara mbili. Mara ya pili akaniomba niruke pale pa shati.

Simu za mukono zilipokuja kwa wingi, tangu mwaka wa 2000 na kuendelea, zilimaliza shida hiyo, na mutu asiwe mujinga wa kulilia zamani. Kungoja miezi minne ili kujua kifo cha baba si utamaduni. Tangu 2012 simu ilichukua na kazi ya mandati. Na bado, mwaka wa 2025, mabenki yalipofunga milango Goma na Bukavu, watu walivuka mupaka kutafuta feza zao, wengine wakawapa wasafiri kuwaletea. Yule mubebaji wa P.B.S. hakufa, anapumzika tu.

Kule Lubumbashi, na hapa kwetu, « ku Posta » limebaki kuwa jina la mahali. Tunasema: nishushe ku Posta, tukutane ku Posta. Vijana wanalisema bila kuuliza.

Kilichobaki ni karatasi, na hizo zinaisha. Mu soko nimenunua karanga zilizofungwa ndani ya barua ya mutu, ya mwaka wa 1974, mwandiko muzuri wa shule ya misioni, baba akimuonya mutoto wake aliyekuwa masomoni Lubumbashi asikope feza. Upande wa pili umeliwa na mafuta. Nilimuuliza mama muuzaji aliipata wapi, akaniambia ananunua karatasi kwa kilo. Kwa hiyo ninaomba wasomaji: mwenye barua za wazazi, mandati, karatasi za Musalaba Mwekundu, anvelope zenye « kwa mukono wa », asizitupe na asiziuze kwa kilo. Ushirika wetu uko na kabati moja na kitabu cha kuandikisha. Tunaandika jina la mwenye barua, mwaka, mahali ilipotoka na mahali ilipofika, na kama inajulikana, jina la aliyeibeba. Akitaka kubaki na barua yake, tunainakili mbele yake na kumurudishia. Yule kijana wa mwaka wa tano amekwisha kuleta mbili, za nyanya yake. Moja ina tembre ya maua, na juu ya maua wamepiga CONGO.